Kwa Nini Mama Hakula Kwa Vonza

Malili, Jumanne

Kwako Baba Wakesho,

Nakusalimia sana kutoka huku Ukambani. Hamjambo hapo Voi? Wakesho ameacha kukohoa? Mimi ni mzima, ila miguu ndiyo inalia. Wiki tatu za kupanda na kushuka milima ya Mbooni si mchezo, na nilikuwa nimeshazoea tambarare yenu.

Najua unangoja jibu moja tu: nakuja na Mama lini, kama ulivyoniambia. Acha kwanza nikueleze, na usikasirike kabla hujafika mwisho.

Mama amesahau kuliko tulivyoambiwa. Nilipofika kwake Mbooni alinisalimia vizuri, halafu akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamwambia, "Mimi ni Ndunge, Mama." Akasema, "Ndunge wangu aliolewa mbali. Wewe keti, akija mtaonana." Nilienda nyuma ya jiko nikalia. Jirani yetu Mama Kioko, ambaye amekuwa akimwangalia mwaka huu wote, ameniambia wazi kwamba amechoka. Mara mbili wamemtoa bondeni amepotea, na mara moja aliwasha moto juu ya kitanda eti apike. Hapo hawezi kubaki tena.

Basi nikaanza kuulizia. Kumbe kuna watu siku hizi wanaochukua wazee kama hawa wakaishi nao! Sikujua. Nyumba ya kwanza iko Kwa Vonza, upande wa Kitui. Nilichunguza kila kitu: nikanusa blanketi, nikafunua sufuria, nikauliza choo kiko wapi na nani anawapeleka. Wazee walikuwa saba, wasafi, wameketi wanaota jua. Mwenye nyumba, Bwana Mutisya, ni mtu mpole ajabu. Anasema mzee akila peke yake anajiona ametupwa, kwa hivyo yeye hukaa mezani akala nao. Nikasema, hapa ndipo. Tukakubaliana Mama akae siku nne tuone, nami nikapata pa kulala kwa mwalimu mmoja wa kanisa letu hapo karibu.

Wapi! Siku ya kwanza hakugusa chakula. Ya pili vilevile. Mama huyu, ambaye sijamwona akikataa muthokoi tangu nizaliwe! Nilidhani mahindi ya muthokoi ule hayajaiva, nikamgombeza mpishi wa watu bure, mpaka leo naona haya. Nikauliza kama ni meno, kama ni tumbo, kama ni ugeni tu. Siku ya tatu nikasimama nje ya dirisha nitazame. Bwana Mutisya akaingia, akaketi mbele yake, akachukua kijiko amlishe mwenyewe, maskini, kwa huruma. Mama akavuta leso akafunika uso, akageukia ukuta. Nikaingia nikamwinamia. Akaninong'oneza, "Mwambie mkwe wangu atoke. Nitafunguaje mdomo mbele yake?"

Nikamgeukia Bwana Mutisya: mrefu, mwembamba, koti la kaki. Baba Wakesho, ni wewe mtupu!

Nilicheka huku machozi yananitoka. Si uliwahi kuniambia Mama hakupendi, kwa sababu kila ukifika anakimbilia shamba la kunde? Nikakueleza kwamba kwetu mama mkwe na mkwe hawali pamoja, hata njiani wanapishana mbali, ukasema sisi Wakamba tuna mambo. Mimi mwenyewe nilidhani wokovu ulishayamaliza hayo. Sasa najiuliza, kichwa kinachagua vipi? Mtoto aliyemzaa amemtoka, lakini heshima ya mkwe imebaki. Nimemuuliza mchungaji, nimemuuliza na daktari wa zahanati. Ukipata wewe mtu anayejua, utaniambia nikifika.

Bwana Mutisya alipoelewa alikuwa tayari kula nje. Lakini ile ni nyumba yake, angejificha mpaka lini? Nikamleta Mama hapa Malili, kwa Mama Mbithe, mjane aliyekuwa muuguzi. Ana wanawake wanne tu, mwanamume hakuna. Si pazuri kama Kwa Vonza. Bati linavuja upande mmoja, na malori ya barabara ya Mombasa hayanyamazi. Nilipoanza maswali yangu Mama Mbithe akanipa ungo, akasema, "Uliza huku ukichambua, mwanangu." Mama akaketi nasi, akachambua kunde, vidole vyake vina kasi kuliko vyangu. Chakula kilipoletwa akala, akaongezwa, akala tena.

Kwa hivyo siji naye. Nimefikiri sana, na najua watu watasema nimemtupa mama yangu. Inaniuma. Lakini nyumba yetu ni vyumba viwili. Wewe ungeingia saa ya chakula, uketi, umkaribishe kwa moyo wote, naye angefunika uso. Tungemuua kwa njaa huku tukimpenda.

Nisalimie mamako, umwambie kiondo alichoniagiza nimekipata, na dada yako anayenishikia Wakesho, Mungu ambariki. Nitapanda gari Jumamosi.

Jana Mama alipomaliza kula aliniuliza kama bwana wa Ndunge naye amepelekewa chakula. Nikamwambia ndiyo, amekula ameshiba. Basi kula vizuri, Baba Wakesho, nisije nikawa nimemdanganya.

Ni mimi mkeo,
Ndunge