Kikuba na Kijiko

Jumatatu, 6 Machi 1995
Watoto kumi na mmoja kliniki leo. Nasimama nyuma ya mtoto, nagonga kikombe kwa kijiko. Akigeuka, anasikia. Miaka tisa, hivyo hivyo. Mashine mpya ya kupimia masikio imetolewa sandukuni. Mutua, mwenzangu, karudi mafunzoni Nairobi, aijua yote. Mimi sina hamu nayo.

Jumatano, 8 Machi
Mama mmoja wa Tononoka kaja na bintiye, Rukia. Miaka sita, hasemi. Mutua akamvisha hedifoni, akamfundisha kwa ishara: ukisikia mlio, tia kijiti kikapuni. Hakutia hata kimoja.

Nikasema mashine mbovu. Nikatwaa kijiko changu, nikasimama nyuma yake, nikagonga. Akageuka pale pale. "Haya, wamwona?" nikamwambia Mutua. Niliona raha, haki ya Mungu.

Alhamisi, 9 Machi
Mutua kawaita tena. Akagonga yeye. Mtoto hakugeuka. Nikasimama mimi, mikono mitupu, sikugonga kitu. Akageuka, akanichekea.

Mutua akanielekeza kidole kifuani. "Ni kikuba chako, dada. Asumini yanukia chumba kizima."

Tangu niolewe navaa kikuba cha asumini kila siku. Miaka tisa nimepima pua za watoto.

Ijumaa, 10 Machi
Nimefungua rejista za zamani. Rukia, miezi kumi, 1989. Hati ni yangu: "Asikia. Mzima." Mamake hanikumbuki. Mutua asema si lazima nimwambie, mashine ishasema.

Biriani ya Ijumaa imenishinda. Si huzuni. Si kitu chochote.

Jumatatu, 13 Machi
Nimemwambia mamake Rukia. Akasema, "Nilimpiga, bibiye. Uliniambia asikia, nikajua ni kiburi. Namwita, haji. Nampiga."

Nikamwomba radhi. Akainuka, akatoka. Nilidhani nitalia. Wapi! Nikapima watoto wanne kwa mashine, nikaenda sokoni, nikanunua nazi.

Jumanne
Wangapi wengine? Sitaki kujua. Nimeanza orodha.

Jumatano, 15 Machi
Rukia kaja kupimwa upya, ili achaguliwe kifaa cha kuvaa sikioni. Nimetoa salamu. Mamake kaitikia kwa kuwa ni wajibu, basi.

Katikati ya kazi kikapu kikamponyoka mtoto, vijiti vikatawanyika sakafuni. Mamake akainua mkono. Ukabaki juu. Kisha akaushusha polepole, akaukalia.

Nikaviokota vijiti. Mutua akaanza upya.