Akiki ya Baba

Bofu, Likoni
3 Novemba 1963

Kaka yangu Matano,

Assalaam aleikum. Shikamoo, kaka, na uupokee mkono wangu kutoka ng'ambo hii ya Lungalunga. Natumai waraka huu utakukuta u mzima huko Tanga, wewe na wifi yangu na watoto wenu ambao mimi nawajua kwa picha tu. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama ni mzima ila magoti, na magoti yenyewe hayamzuii kugombana na mkwezi kila anapokuja kuangua nazi. Ninyi mmeshatutangulia kupandisha bendera. Yetu ni mwezi ujao inshallah, na Likoni yote inapakwa chokaa, hata miti.

Najua tumenyamaziana muda mrefu. Tangu arobaini ya Baba, wewe ulipoondoka bila kumpa kaka yetu mkubwa Mwidani mkono kwa ajili ya ile pete, nyumba hii haikuwahi kulitaja jina lako na lake katika sentensi moja. Leo nina sababu ya kuyataja pamoja, lakini niache kwanza nikupe habari yangu mwenyewe, maana ina fahari na sitaki kuificha.

Nduguyo sasa anajulikana kutoka Mtongwe mpaka kivukoni kama Mwalimu wa Mawe. Jina lilianza kwa dhihaka. Nilipohamishiwa shule ya wasichana ninayofundisha sasa, nilimkuta mwalimu wa ushoni, Agneta, mzaliwa wa Frere Town, kule Kisauni. Watu wengine kabati lao la barazani huwekwa sahani za wageni. La Agneta limejaa mawe. Siku ya kwanza aliponikaribisha chai nilimwonea huruma kimoyomoyo, mpaka aliponipa jiwe moja akaniambia nilielekeze juani. Kwa nje lilikuwa baya kama kiazi kilichosahauliwa shambani. Lakini lilikuwa limepasuliwa na kusuguliwa, na ndani mlikuwa na mistari myembamba iliyozungukana kama maganda ya kitunguu, na jua likapenya ndani yake kama linavyopenya kwenye asali. Akasema hiyo ni akiki, na kwamba mumewe Nicanor, ambaye ni mtu wa reli, aliiokota Bonde la Ufa. Nikambishia. Nikamwambia akiki ni nyekundu na hutoka Yemen, kama ile ya pete ya Baba. Agneta akacheka, akasema akiki zina rangi nyingi kama kanga, na Mungu hakuzimwaga zote Yemen.

Kuanzia hapo nikashikwa. Kila Jumamosi tulivuka kwa feri, tukapanda basi kupitia Changamwe hadi Mazeras, tukashuka na vikapu vyetu kwenye makorongo. Agneta alinifundisha aliyofundishwa na babake, nami nikaongeza ya kwangu kwa kusoma na kwa kukosea. Jiwe la matumbawe, kama lile la kuta zetu, ukilidondoshea ndimu hutoa povu. Akiki haitoi. Kisu cha chuma hakiichani akiki. Kinaacha alama ya kijivu tu, kama penseli. Jiwe likiwa gumu vivyo hivyo lakini halipitishi mwanga hata kidogo, jekundu kama ini au manjano kama bizari, hilo ni yaspi. Neno hilo Agneta alilitoa kwenye Biblia ya babake, la akiki nililitoa kwetu, na katika maneno yetu mawili tukapata pa kuanzia.

Huko Mazeras tulimjua Bi Sidi, ambaye shamba lake la muhogo limezungushiwa magogo. Nilipoyakaribia niliona ni mawe. Kaka, wallahi ni miti iliyogeuka mawe! Ina magome, ina vifundo, ina duara za umri ndani yake, lakini ukigonga inalia kama chuma. Bi Sidi alitueleza kwamba babu yake alipolima pale mara ya kwanza alileta shoka apasue kuni, shoka likatoa cheche, mzee akatupa shoka akakimbia. Alitusimulia huku akicheka mpaka anashika mbavu. Alitupa kipande kizuri kabisa, chenye utepe wa akiki uliopita mlemle ambamo zamani ulipita utomvu, akakataa tusimshukuru, akasema nyumba yake ina mengi ya kumkwaza vidole.

Huku nyumbani maneno yalikuwa mengi. Wengine walisema natafuta hazina ya Wareno. Mama aliwahi kuniuliza, kwa upole sana, kama kuna jini aliyeniagiza. Aliyeona haya zaidi ya wote ni Mwidani. Aliniita akaniambia mwanamke mwenye kazi yake hatembei njia kuu na kapu la mawe kichwani, watu watamwuliza nini yeye aliye badala ya Baba? Nikamjibu, "Waambie dadako anajua anachobeba." Hakupenda, lakini hakunikataza.

Mwaka huu mwalimu mkuu wetu alisema, kwa kuwa Uhuru unakuja, kila mwalimu aonyeshe kitu cha nchi hii. Mimi na Agneta tukaomba ukumbi mzima. Tulipanga mawe yetu juu ya meza zilizofunikwa shuka nyeupe, kila moja na kikaratasi chake: jina, na mahali lilipookotwa. Magadi, Kibwezi, Mazeras, hata yaspi moja tuliyoiokota nyuma ya stesheni ya Changamwe, iliyomwagwa pamoja na kokoto za reli. Habari zikaenea. Ndipo Mwidani akabadilika. Siku mbili tatu kabla ya maonyesho alikuja kwangu amevaa kanzu safi, akakaa, akavua pete ya Baba kidoleni akaiweka mezani. Akasema, "Iweke katikati. Watu waone akiki ya kweli, ya watu waliohiji, si hizi za kuokota."

Naona uso wako unavyobadilika unaposoma hapa. Nakuomba usiikunje barua.

Nilifurahi, kaka. Tangu utoto sikuwahi kuishika pete ile mkononi mwangu. Ilikuwa ama kidoleni kwa Baba au ndani ya ugomvi wenu. Mwidani alipoondoka niliisafisha kwa maji ya sabuni, nikatoka nayo uani penye jua, nikachukua lenzi ya Agneta. Nikaona viputo. Vidogo, mviringo, kama vile vinavyopanda kwenye soda, vimeganda ndani ya ule wekundu. Akiki haina viputo. Nikaibana mdomoni, haikuwa na ule ubaridi wa jiwe. Mwisho nikachukua ncha ya akiki yangu ndogo nikaikwaruza kidogo sana ukingoni, chini ya fedha, pasipoonekana. Ikachanika. Kilichokuwa mkononi mwangu ni kioo, Matano. Kioo chekundu.

Niliketi juu ya kinu cha Mama nisijue niende wapi. Nikiandika "akiki" kwenye kikaratasi, nimesema uongo mbele ya wasichana ninaowafundisha kutazama kwa macho yao wenyewe. Nikiandika "kioo", nimemvua nguo kaka yangu mkubwa mbele ya Likoni nzima, na Baba kaburini pamoja naye. Na kikanijia kitu kibaya zaidi: kwamba wewe ungesikia ukadhani Mwidani ameibadilisha.

Nikamwendea Mama. Nilimkuta akikuna nazi. Sikumwuliza lolote, nilimwonyesha pete tu na lenzi. Alisita, mbuzi ya kukunia ikaacha kulia chini yake, akasema, "Kumbe mawe yako yanasema." Kisha akalia. Akanieleza kwamba akiki ya kweli ilivunjika Baba alipokuwa kuli pale Kilindini. Mkono uligonga ndoana ya winchi, jiwe likapasuka, vipande vikaingia majini. Baba alimwendea sonara mjini akatiliwa kioo, na akamwapisha Mama asimwambie yeyote, kwa kuwa pete ilikuwa ya babu yake na aliona aibu kwamba imeharibikia mkononi mwake. Nilimwuliza kwa nini hakusema mlipokuwa mnagombana. Akasema alijaribu, lakini kila alipofungua kinywa aliona mngedhani anaidharau pete ili mpatane, na juu yake kuna kiapo cha marehemu. Akadhani mtapoa wenyewe. Hamkupoa.

Nilimwomba akifungue kiapo kile ili Mwidani naye aambiwe, akasema ameshakifungua kwa machozi yake, basi.

Mwidani tulimwita alasiri ile ile. Nilimpa lenzi akaona viputo kwa jicho lake. Nilitegemea hasira. Unamjua. Lakini alitazama, akatazama tena, akaweka lenzi chini taratibu, akasema, "Nimemfukuza ndugu yangu kwa ajili ya kipande cha chupa." Hapo akajifunika uso kwa kofia yake. Mimi na Mama tulitoka uani tukamwacha.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Walikuja wa Bofu, walikuja wa Kisauni upande wa Agneta na nguo zao za kanisani, Bi Sidi alikuja kutoka Mazeras akawa anawaonyesha watu gogo lake kana kwamba amelizaa. Wasichana wangu walisimama kila meza wakieleza ipi akiki, ipi yaspi, na kwa nini. Sijapata kujiona mrefu namna ile. Na katikati, juu ya kipande cha bahameli, ilikuwa pete ya Baba. Mimi nilikuwa nimeiacha nyumbani. Mwidani ndiye aliyeileta, na kikaratasi amekiandika mwenyewe kwa mkono wake: Kioo. Pete ya marehemu Babangu. Alisimama pale tangu asubuhi, na kila aliyeuliza kwa nini kioo kimewekwa kati ya mawe alijibiwa na yeye mwenyewe, kwa sauti ya kusikika, kwamba mawe yamekaguliwa na dadake, na dadake hakosei. Mzee mmoja akasema, basi afadhali mngeificha. Mwidani akamwambia tumeshaficha vya kutosha. Kaka, akiki nilizookota zote sizithamini kama nilivyoithamini saa ile.

Baada ya watu kuondoka nilimwambia Mama kwamba ninayo akiki nyekundu, ndogo lakini safi, na sonara anaweza kuitia ndani ya pete pale pale. Mama akakataa. Akasema pete aliyoivaa Baba miaka yote mnayoikumbuka ninyi ni hii ya kioo, na mkono uliowalea ulikuwa na kioo, kwa hiyo kibaki.

Sasa lipo moja ambalo nimelizuia mpaka hapa, kwa sababu Mama aliniomba nikuandikie la mwisho, ukiwa umeshatulia. Ni siku ile jiwe lilipovunjika.

Baba hakuligonga kwa uzembe. Alikuwa gatini, kazi imechacha, jirani akaja mpaka getini akapiga kelele kwamba mkewe amejifungua salama, mtoto wa kiume. Baba akarusha mikono yote miwili juu kumshukuru Mungu, na nyuma yake ndoana ya winchi ilikuwa inashuka. Mtoto huyo ni wewe, Matano. Mama anasema alikuja nyumbani kidole kimevimba, pete tupu imefungwa kwenye leso, akakupakata kwanza ndipo akamwonyesha mkono. Alikuwa anacheka. Akasema, "Mtoto ameingia, jiwe limetoka, sijapunjwa." Aibu ilimjia baadaye, alipowakumbuka wazee wake. Lakini siku ile, anasema Mama, hakuna mtu aliyekuwa na furaha kuliko yeye Mombasa nzima. Kwa hiyo ulipoondoka ukisema Baba hakukuachia kitu, kaka, hukuwa na habari.

Mwidani ameketi hapa ninapoandika. Nilimpa kalamu akaandika jina lako, akashindwa kuendelea, akanirudishia. Ananiagiza nikuulize kama bado huli pweza, maana anataka kujua anunue nini siku utakayokuja, na yeye hataki kukosea tena. Anasema atakungoja kivukoni upande wa mjini, usivuke peke yako.

Msalimie wifi, uwabusu watoto, uwaambie shangazi yao ana mawe ya kutosha kila mmoja apate lake. Mama anakuombea kila swala na anasema njoo kabla magoti hayajamkatalia kuinuka kukupokea. Agneta naye, ambaye hamjaonana, anakusalimu kama mtu wa nyumbani.

Wako katika damu moja, dadako akupendaye,

Mwanakheri
Mwalimu wa Mawe