Fomu Mbili

Jumapili, 29 Juni
Moyo bado unadunda! Baada ya ibada wajumbe saba wa chama katika kata ninayoiongoza walinizunguka pale nje. Mzee Abeli ndiye aliyetoa neno: Mwenyekiti, safari hii fomu ya ubunge chukua wewe. Nikacheka. Hakuna mwingine aliyecheka.

Mimi! Generosa wa Gulwe — mbunge!

Lakini mbunge ni Naima. Kampeni zake zote mbili nimezibeba mimi, nyumba kwa nyumba, mpaka soli za viatu zikaisha. Na ndiye yeye, mwaka ule mafuriko yalipokata barabara nami nimeshikwa na uchungu, aliyewapigia magoti mafundi wa reli wakatupakia kwenye kiberenge chao. Alikuwa mwalimu tu, mgeni kutoka Kondoa. Alinishika kichwa njia nzima. Mwanangu Sila akazaliwa salama.

Mtu wa namna hiyo unashindana naye vipi?

Jumatatu, 30 Juni
Daraja aliloahidi Naima halijajengwa. Watu wanavuka na magunia kichwani, yeye tunamwona kwenye TV. Wajumbe hawasemi uongo. Na mimi — basi niandike — NATAKA.

Nimempigia saa nne. Nikamwambia yote. Akauliza nani kanituma. Hakuna, nikasema. Naima, mara ya mwisho kulala huku ni lini?

Nikasikia mtu nyuma yake anaita Mheshimiwa, Mheshimiwa. Simu ikakatika. Au kaikata.

Nimelia kama mjinga.

Jumanne, 1 Julai
Naima yuko jikoni kwangu!!

Kafika asubuhi, hana dereva, kwa bodaboda kutoka Mpwapwa, mtandio umekuwa mwekundu kwa vumbi. "Mbukwenyi!" — salamu yetu ya Kigogo kwa lafudhi yake ile ile ya Kirangi. Nikacheka kabla sijakumbuka kununa.

Akavuta kigoda. Jana alitaka kunitukana, anasema. Kisha akahesabu: miezi kumi na moja hajalala huku.

"Ungeniambia mapema, Genero."

"Nilikuambia. Mara tatu. Alipokea msaidizi wako."

Akainamisha kichwa. Tukala kiporo cha ugali na mlenda. Tulipomaliza akasema, "Jimbo siachii."

"Nani kakuomba uachie?"

"Basi kesho twende wote."

Sasa ananawa vyombo vyangu. Mheshimiwa! Ananiuliza naandika nini. Mambo yangu, nimemjibu.

Jumatano, 2 Julai
Tumeingia ofisi ya chama ya wilaya tumeshikana mikono. Katibu akauliza nani kamsindikiza nani.

"Hakuna," Naima akasema. "Fomu mbili, tafadhali."

Kalamu ikamdondoka! Nje bodaboda wanapiga honi, hawajui wamshangilie nani. Nimesaini. Jina langu lote, kwa herufi kubwa.

Jumamosi, 2 Agosti
Ukumbini, kura za maoni za chama. Naandikia magotini, kura zinahesabiwa chumba cha pili.

Mjumbe Fabian aliniuliza mbele ya wote: Naima ana kosa gani? Nikajibu — amekaa mbali nasi. Zaidi ya hapo sina baya lake. Watu wake wakaguna. Ikaja zamu yake, akaulizwa daraja. Wasaidizi walikuwa wamemwandalia karatasi ya majibu. Akaikunja. Alichosema Generosa ni kweli, akasema, na kosa ni langu, si la msaidizi. Makofi ukumbi mzima! Sijui yalikuwa ya nani.

Wafuasi wake wamekaa kushoto, wangu kulia, hawasalimiani. Sisi wawili tuko benchi moja katikati, kama wanafunzi wanaongoja matokeo. Ananinong'oneza: ukishinda, kesho naanza kukuombea kura.

Na nikishindwa? Nitamwombea yeye, kama zamani. Nitaweza. Lakini sitaki kushindwa! Mungu nisamehe, sitaki kabisa.

Mlango umefunguka. Msimamizi ana karatasi moja tu. Amemtazama Naima, kisha mimi — uso haueleweki. Naima kaninyakua mkono, huu huu wa kuandi