Bunduki Haichorwi Juu ya Kaburi Lako

Tsawe, babu yangu na mume wangu wa kwanza,

Shikamoo huko uliko. Najua ungeitika, "Marahaba, mke wangu," kisha ungeniuliza mbona nimekaa sana bila kuja Jilore, kana kwamba cherehani yangu huko Barani inajishonea yenyewe. Nimekuja, tsawe. Nimekuja jana, nikagombana na mwanao Katana mbele ya watu, na sijutii hata chembe. Nakuandikia ili uyasikie kwangu kabla yeye hajakufikishia ya kwake.

Ugomvi wenyewe ni huu. Kaburi lako lilipasuka wakati wa mvua za masika, tukakubaliana litiwe saruji upya. Baba mdogo Katana akasema, kazi hiyo niachieni mimi. Tukamwachia, kumbe mwenzetu ana lake. Nilipofika nilimkuta fundi Safari amekwisha kulainisha saruji, ameshika msumari, na Katana amemsimamia akimtajia maneno ya kuandika: "Shujaa, askari wa vita vikuu, alipigana Burma." Na chini yake, achore bunduki. Mtutu ulikuwa umeshachorwa.

Nikamwambia Safari aweke msumari chini.

"Bunduki ya nani hiyo, baba mdogo?" nikauliza.

"Ya baba. Alikwenda vitani, au hukuambiwa?"

"Nimeambiwa na mwenyewe. Hakushika bunduki hata siku moja. Alikuwa mbeba machela."

"Punguza sauti," akasema. "Watu wanasikia."

Hapo ndipo nilipowaka. Wacha wasikie. Aibu iko wapi hata tunong'one?

Unakumbuka siku uliyonipa kitambaa nikushonee shati la Pasaka? Ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka kujifunza ushonaji, na mteja wangu wa kwanza ulikuwa wewe. Nilikupima mabega, nikapima tena, nikadhani nimekosea. Bega lako la kulia lilikuwa chini kuliko la kushoto. Ukacheka, ukaniambia, "Hapo walikaa watu." Nikauliza watu gani. "Wazungu, Wahindi, Waafrika. Uzito wao ulikuwa mmoja."

Shati likangoja. Tulikaa kibarazani, mimi na tepu yangu shingoni, ukanieleza habari za Bama, kama ulivyozoea kuiita. Milima, matope, mvua isiyojua kukatika. Turubai kati ya miti miwili, watu wanne, na majeruhi juu. Ukasema, "Askari akisikia risasi hulala chini, na ana haki, ndivyo alivyofundishwa. Sasa wewe una mtu begani ambaye ameshapigwa mara moja. Ukilala, yeye utamlaza wapi?"

Nimelibeba swali lako hilo miaka yote hii, tsawe, na sijapata wa kunijibu.

Ukanisimulia ile siku mliyokuwa mkiteremka mlima, mwenzako wa mbele akapigwa, machela ikainama, na wale wawili wengine wakajitupa mtaroni. Wewe ukamdaka majeruhi asigonge mawe, ukamtia mgongoni kama mama na mwanawe, ukashuka naye mpaka chini, risasi zikikata majani ubavuni mwako. Nilikuuliza kama uliogopa. "Niliogopa mpaka nikajikojolea. Lakini mikono haikuogopa, nikaiachia kazi." Na jina la yule mtu? Hukulijua. Alikuwa akilia kwa lugha yake, na wewe ukimbembeleza kwa Kigiriama.

Huyo ndiye mtu ambaye mwanao anataka kumpa bunduki.

Simlaumu Katana kwa yote, nitakuwa mkweli. Uliporudi, watu wa hapa walikuuliza umeua wangapi. Ukasema hata mmoja. Wakacheka, wakakuita hamali wa Mzungu, na jina hilo likawaganda wanao. Marehemu baba yangu na Katana walikwenda kuteka maji wakiitwa wana wa hamali, wakarudi wakiitwa hivyo hivyo. Nadhani ndiyo maana Katana alianza zamani kukuongezea. Kwanza ulikuwa askari, mwaka uliofuata ukawa na bunduki, na sasa kila akizungumza mbele ya watu unaua Wajapani wengi zaidi. Angeachiwa kidogo angekupa na kifaru.

Lakini kumtetea mtu kwa uongo ni kukubaliana na waliomcheka. Ni kusema, "Kweli, kubeba ni kazi duni, tafadhali mpeni nyingine." Mimi sikubali. Nilimwambia hivyo hivyo, uso kwa uso, ingawa ni baba yangu mdogo na ndiye aliyenipeleka kanisani siku ya harusi yangu. Akanijibu kwamba mwanamke aliyeolewa hana sauti kwenye makaburi ya kwao. Nikamwambia aliyelala hapo ni mume wangu vilevile, amuulize.

Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichompa nafasi Kadzo.

Kadzo unamjua. Ndiye yule jirani aliyeshikwa na uchungu mwaka ambao mvua ilikata njia, mtoto akakaa vibaya tumboni, na gari lililokuwapo limekwama mbali, kwenye barabara kubwa. Ulikuwa mzee tayari. Ukaagiza kitanda cha kamba, ukafunga miti miwili ubavuni, ukachagua vijana wanne. Wakaanza kwenda mguu sawa, kushoto, kulia, kama walivyozoea gwaride la shuleni, na kitanda kikayumba huku Kadzo akipiga kelele. Ukawasimamisha. "Msipige kwata. Kwata ni ya uwanjani. Kila mtu aende na hatua yake, ndipo mgonjwa atatulia." Walidhani umechanganyikiwa kwa uzee. Walipojaribu, kitanda kikatulia, nawe ukamfuata Kadzo ukimbembeleza kwa sauti ile ile ya Bama. Mtoto hakungoja gari. Alizaliwa kitandani, njiani, wakamwita Safari.

Ndiyo, tsawe. Fundi ndiye huyo huyo Safari.

Na siku tuliyokuzika ulisikia mwenyewe, natumaini. Vijana walipoinua jeneza lako wakaanza kwata, eti unazikwa kijeshi, na jeneza likawa linarukaruka. Kadzo akapaza sauti kutoka upande wa wanawake: "Kila mtu na mguu wake!" Wakavunja hatua, ukatulia mpaka kaburini.

Basi jana Kadzo aliinuka na mkongojo wake, akaja mpaka karibu na saruji. Hakupandisha sauti. "Katana, ndugu yangu," akasema, "siku ile mimi sikubebwa na bunduki."

Katana akamtazama Safari, labda akitafuta msaada. Safari akachukua mwiko, akaupitisha juu ya ule mtutu mara moja, ukatoweka. Kisha akanipa msumari. "Andika wewe, dada," akaniambia. "Mimi leo mkono hauko sawa."

Nilipiga magoti nikaandika. Hati yangu si nzuri, herufi zimepanda upande mmoja kama bega lako, lakini zinasomeka. Nimeandika jina lako, na chini yake: MBEBA MACHELA. RISASI ZILIPOLIA HAKULALA. SASA AMELALA.

Katana aliondoka bila kula. Alipofika kwenye mkorosho aligeuka, akarudi, akasoma yale maneno midomo ikitikisika, kisha akaenda zake bila kuniaga. Atanuna, nami nitampelekea shati jipya, maana bado ni baba yangu. Lakini sitamwomba radhi.

Watoto wanaopita hapo kwenda shule watauliza machela ni kitu gani. Wacha waulize. Na wajibiwe kwamba kuna mtu wa hapa Jilore aliyekwenda vitani akarudi bila kuua mtu, na wapo watu katika nchi asizozijua majina walioona wajukuu wao kwa sababu ya bega lake. Atakayemwita hamali tena, aje kwangu Barani nimpime mabega yake.

Usiku mwema, tsawe. Lalia ule ubavu wa bega zima, lile jingine lipumzike. Saruji imekauka. Anayetaka bunduki na aje na nyundo, na mimi atanikuta hapa.

Mke wako mdogo,
mjukuu wako