Si Mama Mkwe, ni Bati

Bibi mshauri, shikamoo. Nakuandikia nikiwa sijui nimekosewa au nimekosea. Tunaishi kwa mama mkwe wangu, na kazi yangu ni kupokea simu za wateja wa bima kwa kompyuta, kazi isiyotaka kelele, ndiyo maana mume wangu akanisafishia banda la bati la uani lililokuwa karakana ya marehemu baba yake, akaniwekea meza na taa, nikashukuru. Kisanduku cha intaneti kiko sebuleni, hatua thelathini tu kupitia chini ya dirisha la mama mkwe, lakini simu zinakatika mteja akiwa katikati ya kueleza ajali yake, na msimamizi amenionya kwamba zikiendelea kukatika hadi mwisho wa mwezi, kazi sina. Kila nikikimbilia sebuleni namkuta mama mkwe kando ya kisanduku anakunja nguo, basi Jumatatu nikamwambia mbele ya jirani yetu mwenye jogoo, "Mama, ukikizima tena nitafukuzwa." Akajibu, "Mwanangu, mimi hata kinapozimiwa sipajui," na tangu hapo hanisemeshi, chakula changu ananiwekea kimefunikwa, anaondoka. Nimenunua vifaa viwili vya kuongeza nguvu ya mtandao nikaviweka hapa mezani bandani, wapi. Nikifungua mlango mtandao unarudi, ila na jogoo naye anasikika kwa wateja, nafunga. Nimwambie mume wangu tuhame?

Mfanyakazi wa Bandani

Marahaba, mjukuu wangu. Barua yako nimesomewa mara mbili, maana kusoma sikufundishwa, na mara ya pili nikamwambia anayenisomea, "Simama hapo kwenye mlango." Umeandika mwenyewe kuwa ukifungua mlango mtandao unarudi. Mama mkwe yuko sebuleni na nguo zake. Ndiye anayekufungia mlango? Jibu ulikuwa nalo mkononi, ukaenda kumtwika mama wa watu.

Bati ni bati. Ukijifunika sufuria kichwani nikakuita, utanisikia? Na hivyo vifaa umeviingiza ndani ya sufuria hiyo hiyo, sasa viongeze nini?

Nakuonea huruma. Kazi ikining'inia, akili hukimbia. Lakini hofu si ruhusa ya kumvunjia mzazi heshima mbele ya watu. Na anayekununia huku anakufunikia chakula hajakuchoka, kwa hiyo habari za kuhama usinitajie tena.

Nimemuuliza fundi wa nyaya. Anasema mnunue waya wa mtandao unaohimili jua na mvua, uchomekwe kwenye kisanduku, upite ardhini ndani ya bomba la plastiki, mbali na waya wa umeme, uingie bandani kwa tundu lenye mpira ili bati lisiukate, kisha moja kwa moja kwenye kompyuta. Mlango ufunge upendavyo. Kazi ya siku moja.

Mpaka fundi afike, omba ukafanyie kazi chumbani kwa mama mkwe, kwenye utulivu. Ndiyo, kwake. Na mtaro wa kufukia bomba hilo lazima upite chini ya dirisha lake, kwa hiyo ruhusa ni yake, usimtume mume. Kamwite yule jirani mwenye jogoo, kaa chini, sema, "Mama, nilikusingizia. Lilikuwa bati." Ulimwaibisha mbele ya mtu, msafishe mbele ya mtu huyo huyo.

Akishakuitikia, ndipo ushike jembe.