Treuil ya Umeme na Mugomba wa Lac Vert

Papa,

Usirudishe ile treuil ya umeme, mashine ya kuvuta gari, tuliyopewa tujaribu. Leo asubuhi ilitoa jeep yetu kwenye matope ya Lac Vert peke yake, mimi nikipiga tu muluzi! Ni ndogo, bei yake inavumilika, na sisi tunakwama wakati wa mvua tu. Kubwa ya nini? Tena ukinunua ile ya kuzungusha kwa mukono, wewe utatoa amri, mugongo utakuwa wangu.

Mama, mukungu wa ndizi uko jikoni, upike. ~~Nilipewa zawadi.~~ Haya: kamba ya chuma niliifunga kwenye mugomba, maana muti mwingine haukuwa karibu. Jeep ikabaki, mugomba ukaja. Papa, si umeona nguvu hiyo? Mwenye shamba nimemuomba musamaha.

Batri musiitafute. Naipeleka Katindo ijazwe umeme. Imechoka kidogo tu.

Mutoto wenu mukubwa

Papa, ni mimi Marcelline, nimeikuta karatasi hii mezani. Batri ilikufa palepale kwenye mugomba. Jeep tuliitoa mimi na wamama waliotoka misa, viatu mukononi. Kaka alikuwa kwenye usukani, akituambia tusukume kwa adabu.