Mtamba wa Ami

Jumatatu, 8 Septemba
Nimekata majani, nimefagia zizi. Tausi hakula. Analia tangu alfajiri, anawapanda wenzake, ute mwangavu unamtoka nyuma. Mtamba wetu amekuwa mkubwa, anataka dume.
Nimempigia daktari wa mifugo alete mbegu. Yuko Kilifi, hafiki leo. Kesho itakuwa tumechelewa.
Mama ataka tumpeleke kwa fahali wa Ami, ndugu yake marehemu Baba. Nimekataa. Fahali huyo ndiye baba yake Tausi.

Jumanne, 9 Septemba
Joto lake la kutaka dume limepita. Tausi anacheua kana kwamba hakuna lililotokea. Mama amenuna.
Ami amekuja, tukaamkiana vizuri. Akacheka. "Kumbe siku hizi ng'ombe nao wana haramu na halali?"
Nikaeleza. Nimesomea mifugo miaka mitatu, nikieleza sijui kunyamaza. Nikasema damu moja ikirudiana huzaa vilema.
Ami akaweka kikombe chini. Akaaga.
Mwezi uliopita alileta posa. Swaleh, mwanawe, ataka kunioa. Sijajibu bado. Nilikuwa nimesahau kabisa. Au sikusahau.

Ijumaa, 12 Septemba
Mambrui nzima inajua. Eti nimesema damu ya Ami imeoza.
Mama amenisemesha mara moja tu, akichambua mchele bila kuinua uso. "Mimi na babako, Mungu amrehemu, tulikuwa binamu. Haya, wewe kilema chako kiko wapi?"
Nina aibu.

Jumapili, 21 Septemba
Nimejaribu tena. Baba na binti si sawa na binamu na binamu. Nikamchorea Mama kwa kijiti mchangani, huyu kazaa huyu. Akapita juu ya mchoro na ndoo yake.
Swaleh ameniletea ujumbe kwa simu: "Mwambie daktari wako mimi si fahali."
Nimecheka peke yangu jikoni. Kisha nikachukia kwamba nimecheka. Ni mtu mwema. Hana kasoro yoyote ninayoweza kuitaja. Ndiyo maana niliishika damu kwa mikono miwili. Ni sababu safi, ya kitabuni, haimtukani mtu. Imewatukana wote.

Alhamisi, 25 Septemba
Sili vizuri. Ami hapiti tena mlangoni petu, azunguka kwa nyuma.

Jumatatu, 29 Septemba
Tausi ameanza tena asubuhi. Daktari amefika jioni, wakati hasa unaofaa. Mama alishika kamba, mimi nikashika mkia. Daktari akavaa glavu ndefu, akapitisha mrija, akamaliza upesi. Akaenda zake.
Mama hakuiachia kamba. Akauliza, "Na wewe?"
"Simtaki Swaleh, Mama. Si kwa ajili ya damu. Simtaki tu."
Alimkuna Tausi kichwani muda mrefu.
"Ungalisema hivyo tangu mwanzo, ningalikasirika siku mbili, yakaisha."
Akaosha mikono, akavaa buibui, akaenda kwa Ami kumwambia mwenyewe. Nilitaka kumfuata. Akanikataza kwa mkono.
Amerudi baada ya isha. Alikula, akaniuliza kama chumvi imezidi. Nikasema kidogo.
Kama Tausi ameshika mimba, tutajua baada ya wiki tatu. Asipolia, ameshika.